Gwantwa na Maswali ya Nyuma ya Ukuta

Ukitaka kumjua Gwantwa, mfuate asubuhi kwenye foleni ya malori Tunduma. Utamwona anatembea kando ya barabara, kitenge kiunoni, ungo kwapani na mfuko wa maharage begani, anagonga mlango wa lori kwa kiganja cha mkono. Akiona namba ya gari ni ya Zambia anamwamkia dereva kwa lugha ya kwao, "Mulishani mukwai." Ikiwa ya hapa kwetu anasema, "Kaka, fungua, mguu wangu unauma." Hakuna mguu unaouma. Akishapanda anakaa kiti cha abiria, anapakata ungo wake, anaanza kuchagua maharage huku anatazama mbele kwenye kioo. Baadaye kidogo utamsikia, "Haya, niambie. Ulijijua wewe ni mwanaume lini, na nani alikwambia?"

Dereva anacheka. Wote hucheka kwanza. Kisha anatazama mbele na yeye, kwenye mgongo wa lori lililotangulia, anaanza kusema mambo ambayo mkewe hajawahi kuyasikia.

Mimi naitwa Mwanamvita, mtu wa Tanga, nauza vitenge Tunduma, na nyumba yangu ya Chapwa imepakana na ya Gwantwa. Mimi na yeye tuliajiriwa na Dokta Restuta, mwanasaikolojia wa chuo kikuu, aliyekuja na vibali vyake kutafiti jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona: mtu anajijuaje kuwa mwanaume au mwanamke, anampenda nani, na anaishije na alichokijua ikiwa watu wa kwao hawakitaki. Hatukuandika jina la mtu. Tulikula kiapo kwamba tutakayoyasikia hayatatoka, na nawaambieni, kwa mkoa wa mpakani ambako habari inavuka upande wa pili kabla ya mwenyewe, kile kiapo kilikuwa kizito.

Kwenye semina Dokta Restuta alitufundisha mambo matatu. Usicheke, usihurumie, usihubiri. Gwantwa akanyanyua mkono akaongeza la nne, "Na usishangae," na Dokta akalikubali. Lakini aliposema tumtazame mtu machoni tunapomuuliza, ili aone tunamsikiliza, Gwantwa alitikisa kichwa.

"Dokta, mtu mzima unamkodolea macho huku unamuuliza mambo ya chumbani? Atakujibu kile anachokiona usoni kwako. Huku kwetu maneno mazito watu huambiana wakiwa wanapukuchua mahindi."

Dokta Restuta, ambaye ni Mhaya na hapendi kubishana bila kuona, alipanda naye lori moja kwa ruhusa ya dereva, akakaa nyuma ya viti kwenye kitanda cha dereva, akasikiliza. Aliposhuka akatuambia wote tutafute kitu cha kushika mikononi. Mimi nikachukua sindano na uzi. Gwantwa alitembea kifua mbele juma zima, akawa hasemeki.

Ndivyo alivyo. Anajiamini mpaka anaudhi. Nimemwona akimnyamazisha tajiri wa mafuta mbele ya vijana wake, nimemwona akimwambia mchungaji wake kwamba mahubiri yalikuwa marefu. Kwa hiyo siku niliyomwona anakimbia kujificha kwenye shamba la mahindi, nilidhani ameona nyoka.

Tulikuwa tumekwenda kwao, milima ya Ileje, kwenye harusi ya ndugu wa mumewe. Tunapanda kilima, tunaongea, ghafla mwenzangu hayupo. Mahindi yanatikisika. Njiani anakuja mzee mmoja mrefu, mwenye fimbo na koti jeusi, anatembea taratibu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akapita huku macho yake yametazama pembeni, mbali na mahindi yale, kwa makusudi kabisa. Alipokwisha kupita Gwantwa akatoka na majani kichwani.

"Baba mkwe," akasema, kana kwamba hilo linaeleza kila kitu.

Kwa wazee wao, mke wa mwana hamwoni baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hamtaji jina, hawapiti mlango mmoja, hawali chumba kimoja. Siku hizi wengi wameuacha mwiko huo, wengine huucheka. Ukoo wa mzee Mbonile haukuuacha. Gwantwa aliolewa na Yesaya, mtoto wa kwanza wa mzee, akazaa na kulea, na katika miaka yote hiyo uso wa baba mkwe wake aliujua kwenye picha tu. Sisi watu wa Tanga tuna heshima kwa wakwe, lakini kuingia kwenye mahindi? Nilimtania mpaka tukarudi Tunduma. Hakujali. Alisema heshima haimpunguzii mtu kitu, mradi aijue ni ya nini.

Sasa nimtaje Tulinagwe, na ninamtaja kwa ruhusa yake. Jina la ukoo nimelibadilisha, na la kwake pia.

Kila tulipopita Mlowo, Gwantwa alisimamisha safari kwenye ghala moja la mahindi na kahawa. Pale alikuwapo msimamizi wa wapakiaji, mwanaume mfupi, mabega mapana, kofia ya kitambaa, mtu wa maneno machache. "Shemeji!" Gwantwa anapiga kelele toka mbali. Yule anacheka, anatutolea viti. Nikajua ni mdogo wake Yesaya, nikaishia hapo. Ajabu yangu ilikuwa moja. Huko Ileje kwenye harusi nilikuwa nimesikia wazi kwamba Yesaya ana wadogo watatu, wanaume wawili, ambao wote niliwaona pale, na binti mmoja, na binti huyo alipotelea Zambia.

Gwantwa alinieleza baadaye, mbele ya Tulinagwe mwenyewe, aliyesema niambiwe kwa kuwa kiapo nilichokula kwa Dokta kinatosha na cha nyumbani. Yule binti aliyepotea ndiye huyu. Alizaliwa akaitwa msichana, akavalishwa gauni, akasomeshwa kwa sketi, na tangu anajitambua alijua kwamba yeye si msichana. Walipoanza kuja watu wa kumposa, akaondoka alfajiri na nguo za kaka yake. Hakufika Zambia. Alifika Mlowo, akabeba magunia, akaaminiwa, akawekwa msimamizi. Nikamuuliza kama hajutii. Akanitazama kama nimeuliza kama mvua inalowesha.

"Mimi sijapotea, mama," akasema. "Nipo Mlowo. Kila mwenye mahindi ananijua."

Alisema kwa kujiamini kabisa, na nilimpenda hapo hapo. Lakini alikuwa na jambo moja lililomkosesha raha, na hakulificha. Baba yake alikuwa mgonjwa, kifua, na kila aliyetoka Ileje alisema mzee anapungua. Tulinagwe alitaka kumwona kabla hajafa. Hakutaka kwenda kwa kujificha, wala kwa kuvaa gauni na kuketishwa jikoni na wanawake kama binti aliyerudi. Na akienda alivyo, nani angejua watamfanya nini? Maneno yangeshuka mlima mpaka Mlowo, na Mlowo mtu wa namna yake anaweza kukosa kazi, anaweza kupigwa, anaweza kupelekwa polisi. Alimwapisha Gwantwa asimwambie mtu nyumbani, hata Yesaya. Gwantwa aliapa. Miaka yote mumewe aliposema "yule dada yetu," yeye aliondoa vyombo mezani.

Ndipo ikafika zamu ya Ileje kwenye utafiti. Dokta Restuta alitaka wazee waulizwe jinsi watu wa zamani walivyowaelewa watu wanaojijua vingine, kama walikuwa na mahali pao au walifukuzwa. Hatujafika hata kwenye kijiji, ujumbe ukatukuta njiani. Mzee Mbonile amesikia kuna watu wanauliza maswali ya wanaume na wanawake. Yuko tayari kuulizwa. Ila aulizwe na mkamwana wake, si mwingine.

Gwantwa alikaa chini kwenye jiwe.

"Ananitaka mimi? Mimi nisiyeweza kumtazama?"

Tukampigia simu Dokta. Dokta akasema sheria ni sheria, huwezi kumhoji ndugu yako, majibu yake hayataingia kwenye utafiti. "Lakini mzee akiita mkamwana wake," akaongeza, "hilo si langu. Nenda kama mke wa Yesaya. Makaratasi yangu yaache kwenye mkoba."

"Ataniuliza habari za Tulinagwe," Gwantwa aliniambia njia nzima. "Sitamdanganya mkwe wangu. Na sitamsaliti shemeji yangu. Sasa niambie, Mwanamvita, mdomo huu niupeleke wapi?"

Nikamwambia siku zote mdomo wake unajua njia, leo auache utangulie. Alinikasirikia kidogo.

Mzee alikuwa amelala chumba cha mbele, amewekewa mito. Ukuta wa matofali ya kuchoma ulitenganisha chumba hicho na stoo ya nafaka, na juu kulikuwa na matundu ya hewa. Gwantwa akaingizwa stoo kwa mlango wa nyuma. Mimi nikaambiwa nikae na mzee, kwa sababu mwanamke mgeni hana mwiko naye, na haifai mkamwana na mkwe waongee bila mtu wa tatu. Nikatoa sindano yangu na uzi. Upande wa pili nikasikia maharage yanaanza kugonga ungo, nikajua mwenzangu ametulia.

Walizungumza Kindali, lugha ambayo mimi naambulia salamu tu. Kwa hiyo mwenzangu alisikia maneno na mimi nikaona uso. Nimeshafikiri mara nyingi kwamba siku ile kila mmoja wetu alipewa nusu yake.

Baadaye alinieleza. Alianza kwa kumwuliza hali, kisha mzee mwenyewe akasema, "Uliza lile unalowauliza wenzangu." Gwantwa akauliza kama lilivyo, neno kwa neno kama tulivyofundishwa, "Baba, umewahi kumjua mtoto ambaye watu walimwita msichana, na yeye akajijua vingine?"

Mimi sikuelewa swali, lakini nilimwona mzee akifumba macho. Mkono wake ukashika blanketi ukaliachia. Maharage upande wa pili yakanyamaza. Nikataka kuita mtu, nikidhani amezidiwa, kisha akaanza kusema kwa sauti ndogo, bila kusita, akiwa anatazama ule ukuta.

Alisema kwamba alimjua. Alisema mtoto huyo alipokuwa mdogo alimfuata nyuma ya ng'ombe wa kulimia, akajua kuwafunga nira kabla ya kaka zake, na yeye baba alifurahi, akasema moyoni, huyu mwanangu wa kiume, kisha akaogopa alichokisema. Alisema bibi yao alipofariki, wanawake walikaa ndani na maiti wakilia, wanaume wakakaa nje wakichimba kaburi, na mtoto huyo akakaa kizingitini tangu asubuhi mpaka maziko, si ndani si nje, akawa anarukwa na kila anayepita. Alimwona. Alipita mara nyingi akamwona. Hakumwambia ingia wala hakumwambia toka, kwa sababu alijua angetoka akakae na wanaume.

"Mtu wa kijiji hiki aliuza maharage Mlowo," aliendelea mzee. "Akaniambia amemwona mkamwana wangu anacheka na kijana anayefanana na mimi sura. Nilimwambia anyamaze, na nikamshukuru Mungu. Nimenyamaza na mimi, ili asidhurike. Sasa nakufa, sitaki kunyamaza."

Gwantwa, aliyekuja amejiandaa kubanwa, hakubanwa. Mzee hakumwuliza kama ni kweli wala Tulinagwe anaishi na nani. Ndipo akageuza shingo kwa shida akanitazama mimi, akasema Kiswahili, cha taratibu, kila neno likipandishwa na kushushwa kama wanavyosema watu wa milimani.

"Wewe mama wa Tanga. Umesikia lakini hujaelewa. Nataka uelewe, uwe shahidi. Mimi nina watoto wa kiume wanne. Watatu wamekuja kuniona. Mwambie mkamwana wangu, amwambie shemeji yake, baba yake anamngoja."

Hakusema wifi. Alisema shemeji.

Nilijichoma sindano. Damu ikatia doa kitambaa changu cheupe, na mpaka leo sijui kwa nini nilicheka, nikasema, "Nimesikia, baba. Mimi shahidi." Nyuma ya ukuta nikasikia ungo unaanguka na maharage yanamwagika sakafu nzima. Mzee akatabasamu. Nadhani na yeye alikuwa hajawahi kumsikia mkamwana wake akikosa adabu.

Tulishuka Mlowo siku iliyofuata. Tulinagwe alikuwa anahesabu magunia yanayopanda lori. Gwantwa hakumsalimia, akampa ujumbe kama alivyopewa, hakuongeza wala kupunguza, nami nikathibitisha. Tulinagwe akamwuliza Gwantwa mara mbili, "Alisema shemeji?"

"Kwa Kiswahili. Mwanamvita alikuwapo. Muulize yeye, mimi utasema nimetia chumvi."

"Na kaka?"

"Yesaya nitamwambia mimi, ukinifungua kiapo. Na wale wengine watafuata baba yao."

"Wasipofuata?"

"Wasipofuata watanikuta mimi," alisema Gwantwa, na wallahi nilimwamini.

Tulinagwe akamwambia, "Mwambie." Akakabidhi kazi, akaenda kunyoa.

Yesaya alipoambiwa, Gwantwa anasema, alianza kukwangua tope kwenye kiatu. Kisha akauliza kama hao watu wa Mlowo wanamtendea vyema. Alipojibiwa ndiyo, akasema basi, akaenda kuwapigia simu wadogo zake. Hatujui alichowaambia. Mimi nikiwa kwangu nilisikia sauti yake ikipanda mara moja, halafu ikashuka.

Siku ya kwenda nilifuatana nao, kwa kuwa shahidi hatumwi nusu ya safari. Wanaume wa ukoo walikuwa wameketi uani kwenye mabenchi, karibu na zizi, wanangoja chakula. Sisi wanawake tulikuwa jikoni. Dada yake mzee, shangazi yao, hakuwa amekubali bado. Alikuwa amevuta kigoda karibu na moto na kukifuta kwa khanga, akatuambia, "Hiki cha binti yetu. Akitoka kwa baba yake ataingia hapa akae na sisi, tumlilie vizuri." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amemkumbuka mtoto wa ndugu yake, na hakujua namna nyingine ya kumpokea. Hakuna aliyembishia. Hata Gwantwa alikuwa anasonga ugali tu, midomo ameibana.

Tulimsikia Tulinagwe akibisha hodi chumba cha mbele. Nyumba ile husikika yote, na Kindali kiliponishinda Gwantwa alininong'oneza maana.

"Umekuja," alisema mzee.

"Nimekuja, baba."

Mmoja alikuwa analia, sikujua ni yupi. Kisha sauti ya mzee ikarudi, dhaifu lakini ya mwenye nyumba.

"Umekula?"

"Bado."

"Kaka zako nao bado. Wamekungoja. Nenda ukakae nao."

Mlango ukafunguka. Pale kwenye ukumbi njia hugawanyika, mkono mmoja jikoni, mkono mwingine uani. Shangazi akainuka nusu, mikono ameitanguliza. Viatu vikaja, vikasimama pale kidogo, na nilimwona Gwantwa ameshika mwiko hewani, unga unadondoka. Kisha vikageuka kwenda uani. Huko nje maongezi yakakatika. Nikasikia Yesaya anakohoa, akasema kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayepanga watu mezani, "Jamani, sogeeni huko, mdogo wangu akae." Benchi likalia, miguu yake ikikwaruza ardhi, likanyamaza.

Shangazi alibaki amesimama, mikono bado mbele, anatazama kile kigoda. Gwantwa akarudisha mwiko kwenye sufuria. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Kigoda hicho, shangazi, nipe mimi," akasema. "Miguu inaniuma."